Dakika Kumi na Moja za Baba

Mama alinipigia simu Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa darasani Kitale. Nilishtuka kuona namba yake, kwa maana mama hakuwa mtu wa kupiga simu. Masikio yake yaliharibika pole pole kwa miaka aliyosimamia mashine ya posho kule kwetu Bokoli, na kufikia wakati baba anaugua ilibidi umsogelee sikio la kushoto na kupaza sauti kama unayeita mtu ng'ambo ya mto. Akiwa na neno alimwagiza jirani apige simu aseme kwa niaba yake. Basi nikapokea nikimtarajia jirani.

"Mayi," sauti ikasema. Ilikuwa ya mama. Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nakusikia. Hata hao wanafunzi wako nasikia vile wanapiga kelele."

Akanieleza kwamba madaktari wageni wa masikio walikuja hospitali ya misheni, wakampima, wakamwekea kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Alikuwa ameamka akasikia kuku, akasikia kijiko ndani ya kikombe, akasikia mlango wake mwenyewe unalia na akauliza ni nani ameuharibu. Nilimwambia Mungu ni mwema, na nilimaanisha, kwa muda wa pumzi mbili tatu hivi.

"Jumamosi ulete ile kompyuta," akasema. "Nataka nimsikie baba yako mwenyewe. Umechoka kunitafsiria."

Nikasema nitakuja. Nikawaambia wanafunzi wafanye zoezi, nikaketi kwenye kiti cha nyuma. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimemdanganya mama, na uongo wangu wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba hasikii.

Nianze pale nilipoharibu.

Kitale tulikuwa na kikundi cha watu kumi na wawili, cha wapenzi wa programu huru. Tulikutana kila Jumamosi kwenye chumba nyuma ya duka la pembejeo, tukinusa mbolea na dawa ya kupe, na kila mtu na kompyuta yake mapajani. Tulitumia Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, na si Linux yoyote tu. Tulichagua toleo ambalo waundaji wake walikuwa wameondoa kila kitu chenye doa, yaani kisicho huru. Watu wengine duniani nasikia hubishana mambo haya kwa barua pepe. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, kwa hiyo tulifanya tulivyozoea kufanya kanisani. Tulifungua kwa maombi, kisha tukatoa ushuhuda.

Sitanii. Mtu alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Wapendwa, nasimama mbele yenu nikiwa bado na programu moja ya waifai ambayo si huru. Nimejaribu kuiacha nimeshindwa. Mnisaidie." Nasi tulimpigia makofi, na wawili wakakaa naye mpaka kompyuta ikawa safi, hata kama baada ya hapo haikushika tena mtandao. Yule aliyerudi kwa programu za kulipia tulisema amerudi nyuma, kama asemwavyo mtu aliyeacha wokovu akarudia chang'aa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa Saboti, mrefu, mwenye shati lililofungwa kifungo cha juu hata wakati wa jua. Mimi nilikuwa katibu. Yeye ndiye aliyekuwa na msimamo, lakini mwenye mdomo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimefika miaka thelathini na nne bila mume wala shamba, nafundisha vijana kuchapa barua kwenye chuo kidogo chenye mabati yanayovuja, na pale nyuma ya duka la pembejeo ndipo mahali pekee ambapo nikisema kitu watu wanaandika. Mtu asiniulize zaidi kwa nini nilikuwa mkali.

Ubishi uliotugawanya ulihusu hataza. Programu inaweza kuwa huru kabisa kwa leseni yake, kila mtu aruhusiwe kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Lakini ile njia ya hesabu iliyomo ndani, kwa mfano jinsi ya kubana sauti ili iwe faili dogo, kampuni fulani huko mbali inaweza kuwa imeiandikisha kuwa mali yake. Hiyo ndiyo hataza. Simu nyingi hurekodi sauti kwa njia za namna hiyo. Basi swali likawa, je, kijiprogramu kinachofungua sauti hizo ni safi kwa sababu leseni yake ni huru, au ni kichafu kwa sababu njia yake ina mwenyewe?

Upande wa kwanza ulisimamiwa na karani mmoja wa ofisi ya kilimo Kapsokwony, aliyeteremka mlimani na pikipiki yake kila Jumamosi, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Si leseni ni safi?" alisema. "Sasa mnataka nini ingine? Hiyo hataza ni ya huko kwao. Ati mtu atapanda Kapsokwony kunishika juu nimeskiza wimbo wa kwaya?"

Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba huru ni huru. Mimi sikuwa mpole. Nilisimama nikasema kwamba maziwa yaliyoingia nzi hatusemi ni safi kwa sababu kikombe kimeoshwa. Watu wakacheka na kupiga makofi, na karani akainamisha kichwa akijifanya anafuta viatu. Nililala vizuri usiku ule. Tukapiga kura, tukapitisha kwamba hakuna mwanachama atakayeweka kijiprogramu chenye hataza, na pia hakuna atakayehifadhi faili la namna hiyo. Kila faili ligeuzwe kuwa la fomati huru, isiyo na hataza, na lile la asili lifutwe. Kumbukumbu za mkutano niliziandika kwa mkono wangu.

Baba aliugua wakati wa kupalilia mahindi. Mwisho mwisho alikuwa amebaki na sauti ya kunong'ona tu, na mama alikuwa hasikii usipopaza. Waliishi hivyo majuma kadhaa chumba kimoja, yeye akisogeza midomo na mama akiinama juu yake, wakishindwana, mpaka mama anainuka kwa hasira na kwenda kupepeta mahindi ambayo yameshapepetwa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi alipokuwa mzima. Ajabu yake, alipokosa sauti ndipo alipokuwa na jambo la kusema.

Siku moja alinivuta mkono.

"Weka kwa simu," alinong'ona. "Mimi siwezi piga kelele. Nyinyi mtaniongezea sauti, asikie."

Niliona ni wazo la mtu mwenye akili timamu kuliko sisi wote. Nikaegemeza simu kwenye kikombe juu ya kigoda kando ya kitanda, nikabonyeza kitufe cha video. Nikaketi ukingoni nisubiri. Akanitazama.

"Toka nje, Mayi. Si ya watoto."

Nikatoka. Nilisimama chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe, nikimtazama mama akiwawekea kuku maji. Niliporudi alikuwa amefumba macho na simu bado inahesabu. Dakika kumi na moja. Nilimwambia mama palepale, kwenye sikio lake, kwamba baba amemwekea maneno na nitayaleta yakiwa na sauti kubwa. Akaitikia kwa kichwa na kuangalia simu kama anayeangalia barua. Baada ya siku nne baba akafariki.

Tulimzika, watu wakaja na kuondoka, nami nikarudi Kitale na simu iliyojaa picha za mazishi mpaka ikawa haiwezi kupokea hata ujumbe. Nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta. Nilihamisha, sikunakili. Nilifungua video ya baba mara moja, nikaona kinywa kinasogea bila sauti, na sikushangaa. Nilijua ni kwa sababu ya kile kijiprogramu tulichokikataa. Nilisema moyoni kwamba ikishageuzwa kuwa fomati huru sauti itakuja. Mwalimu wa kompyuta mzima. Kama kompyuta haina ufunguo wa kufungulia sauti ili uisikie, itaifungua kwa ufunguo gani ili iigeuze? Mwanafunzi wa muhula wa kwanza angeniuliza hivyo. Mimi sikujiuliza.

Jumamosi ya usafi ikafika. Mwenyekiti alikuwa ametuandalia skripti fupi ya amri iliyopitia kompyuta nzima, ikageuza kila faili lenye hataza na kufuta la asili. Zamu yangu ilipofika akaniuliza mbele ya wote, kama desturi, kama kuna chochote ninachotaka kiachwe. Nikafikiri. Nitasema ukweli, nilifikiri. Nikaona karani wa Kapsokwony ananitazama.

"Kuna video ya marehemu baba," nikasema.

"Hiyo tunaweza kuiacha," mwenyekiti akasema. "Hakuna atakayekulaumu."

"Hata hiyo," nikasema.

Wakapiga makofi kuliko walivyowahi kumpigia mtu yeyote. Mama mmoja alifuta machozi. Nikaandika neno ndiyo, nikabonyeza, na mistari ikashuka kwenye kioo kwa mamia.

Jioni hiyo hiyo nilifungua faili jipya. Baba alikuwa pale, safi kabisa. Kinywa kilikuwa kinasogea kama mwanzo. Niliongeza sauti mpaka mwisho, nikabadilisha spika, nikazima nikawasha. Kisha nikaelewa, na nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka jogoo wa jirani wakawika.

Nilimpelekea karani kompyuta. Sikuweza kwenda kwa mwenyekiti, angeniombea na kuniita mfano wa kuigwa. Nilipanda hadi Kapsokwony, nikamkuta ofisini kwake nyuma ya magunia ya mbegu za viazi. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alisoma ile mistari ya skripti mmoja mmoja kwa kidole hadi akaufikia ule niliokuwa nautafuta.

"Ni hii hapa," alisema. "Inasema sauti haikufunguka, imerukwa. Halafu inaendelea tu. Halafu inafuta."

"Haiwezi kurudi?"

"Disk yako mliandika nini juu yake?"

Tulikuwa tumeijaza vitabu huru na mafunzo huru, mpaka pomoni, siku ileile, kama sherehe. Alijaribu saa tatu. Alipata picha za mazishi. Alipata nusu ya wimbo wa kwaya. Kisha akafunga kompyuta polepole.

"Na unajua, dada," alisema, akiwa haniangalii, "hataza nyingi za hizo vitu zilishaisha muda. Zilikuwa zinaisha tu hivi tukibishana."

Niliporudi nyumbani niliweka kile kijiprogramu kichafu. Kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kikakaa hapo tayari kufungua sauti, na sauti ya kufungua haikuwepo.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mazishi, na mama bado alikuwa analala chini. Kina mama wengi kwetu hulala chini siku za matanga, lakini matanga yalikwisha, wageni wakaondoka, na yeye hakuinuka. Alikuwa ameburuta godoro la kitanda chao hadi sebuleni, akaliweka kwenye saruji kando ya mlango, na kifua kilikuwa kimeanza kumkohoza. Kaka zangu walimsihi. Mchungaji alimsihi. Aliwaambia wote kwamba hasikii, jambo lililokuwa kweli na lililomfaa.

Aliponiona na kompyuta alifunga mlango. Alikuwa ameshaazima spika kubwa ya kanisa, ile ya mikutano ya nje, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa kilichotarizwa. Alivaa gauni la Jumapili. Nikawasha kila kitu, nikisema moyoni, akiona haina sauti nitamweleza. Baba akatokea, kidevu kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeiweka simu chini mno na dirisha likiwa nyuma yake, uso kwenye giza. Kinywa chake kilionekana kikifunguka na kufungika, basi. Spika ilikuwa inanguruma kwa sababu ya umeme wetu mbovu wa kijijini. Mama akaweka kiganja juu yake.

"Namhisi," alisema. Machozi yakaanza kumtoka. "Nimemhisi. Ni masikio yangu tu haya. Amesema nini?"

Nikaushika waya wa spika kama ninayeukaza.

"Mayi, niambie. Amesema nini?"

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi kuliko ninavyorudi mahali popote. Nilikuwa na ukweli mdomoni. Kisha nikaliona lile godoro kwenye saruji, nikasikia kifua chake kinavyokoroma akivuta pumzi, nikainama kwenye sikio la kushoto.

"Amesema urudi kitandani," nikapaza. "Ulale upande wake, wa ukutani."

"Upande wake?"

"Upande wake."

Kisha akainuka, akashika ncha moja ya godoro na kuniashiria nishike nyingine. Lilikwama kwenye mlango wa chumba, tukalikunja, tukalisukuma kwa magoti, likapita. Alitandika shuka mwenyewe. Usiku ule alilala kitandani, na baada ya wiki mbili kikohozi kikaisha. Nilijiambia hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho.

Nilisahau kwamba mama anajua kusoma saa.

"Dakika kumi na moja zote ni za kitanda?" aliniuliza nilipoenda tena. "Leo niambie za katikati."

Ndivyo nilivyonaswa. Kila mwezi nilikwenda Bokoli na kompyuta kwapani, mama akafunga mlango, akaweka kiganja kwenye spika, nami nikainama kwenye sikio lake na kumpa kama dakika moja. Nilitunga njiani. Nilimwambia baba amesema mparachichi usikatwe. Nilimwambia amesema aende mikutano ya akina mama, asijifungie. Nilimwambia anakumbuka siku walipokutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa Webuye, naye mama akatikisa kichwa.

"Haikuwa Webuye, ilikuwa Kapsokwony. Tulinyeshewa," alisema. "Alikuwa ameanza kusahau, maskini."

Kwa hiyo hata makosa yangu alimbebesha baba. Aliyahadithia maneno yale kwa wanawake wa kanisa, nao walinisimamisha mlangoni kunishika mkono na kuniambia nilikuwa na baba wa kipekee. Na kweli, yule baba wa kompyuta alikuwa wa kipekee. Alikuwa mpole, aliomba radhi, alikumbuka mambo. Baba niliyemjua mimi alikuwa mtu mwema ambaye angeweza kukaa siku mbili bila kusema zaidi ya chumvi imepungua. Jambo linaloniaibisha kuliko yote ni kwamba nilianza kumpenda huyu wangu zaidi. Nilikataa kuweka kijiprogramu kimoja kisicho safi kwenye mashine, halafu nikamtengenezea mama mume mzima wa bandia.

Kikundini niliendelea kwenda, nitafanyaje, mimi ndiye katibu. Mgeni akija mwenyekiti alimweleza habari ya dada aliyetoa hata video ya marehemu baba yake. Nilipigiwa makofi kila mara. Karani wa Kapsokwony hakupiga makofi. Aliangalia viatu vyake, wala hakumwambia mtu, na kila Jumamosi nilitamani aseme.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mama aliponipigia simu siku ile ya Jumatano.

Alhamisi nilimfikiria baba mdogo, ambaye akikohoa tu unaweza kudhani ni marehemu amerudi. Nilifikiria kumwandikia maneno, nimrekodi ananong'ona, niyapandishe juu ya picha. Nilifika hadi kupiga namba yake. Alipoitika nilimuuliza hali ya ng'ombe, nikakata. Ijumaa nilifikiria kusema kompyuta imeibwa. Nikaitoa kwenye begi, nikaitazama, nikairudisha. Sikupata pa kutokea.

Jumamosi nilimkuta ameshaweka spika mezani na kitambaa chake kilichotarizwa. Gauni la Jumapili tena. Alinionyesha kifaa, kidogo, cha rangi ya ngozi ya watu wengine, na gurudumu la kuongezea sauti.

"Sema kitu, lakini usipaze," akasema.

"Habari ya hapa, mama."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo. "Kumbe una sauti ndogo hivi," akasema. "Miaka hii yote nilifikiri nimezaa mtu wa kelele."

"Mama, kabla hatujaanza—"

"Weka kwanza. Utasema baadaye."

Nikaweka. Kidevu cha baba, dirisha, kinywa kikafunguka. Mama aliinama mbele. Akazungusha gurudumu kidogo, akangoja, akazungusha tena. Nje kuku alikuwa anaita vifaranga wake, na nilimwona mama akigeuza kichwa kidogo kumsikiliza na kurudi kwenye kioo. Kisha akaikazia macho spika.

"Hiki kinachonguruma ni nini?"

"Ni spika. Ni umeme."

Akaweka kiganja juu yake, pale pale alipozoea. "Ndiyo hii nilikuwa nahisi?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye?"

"Hayupo. Sauti haipo. Niliifuta mimi, kabla ya kukuletea mara ya kwanza."

Baba aliendelea kuzungumza kimya kimya kati yetu. Nilijaribu kumweleza mama, kwa lugha ya nyumbani, ambayo haina neno la hataza. Nilimwambia kuna watu wa mbali walioandikisha njia ya kufungua sauti kwamba ni yao, na sisi tukaona si vizuri kuwa na kitu cha namna hiyo. Alinisikiliza bila kuninyooshea sikio, macho kwa macho, na hilo peke yake lilinitisha.

"Hao watu walikuja Kitale?" aliuliza.

"Hapana."

"Waliwakataza?"

"Hapana. Hawajui hata kama tupo."

"Mlijikataza wenyewe."

"Tulijikataza wenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama anapoambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Mparachichi?"

"Ni mimi."

"Na Kapsokwony, alisahau?"

"Hakusahau. Ni mimi sikujua."

Akaangalia mlango wa chumba. "Na ya kitanda?"

Nilitaka kulia lakini niliona si haki yangu. "Ni mimi, mama. Ulikuwa unakohoa."

Alirudisha macho kwenye kioo na kumtazama baba hadi mwisho, dakika zote kumi na moja, hadi baba akafumba macho na mkono wangu ukaonekana unakuja kuichukua simu. Kisha akakitoa kile kifaa sikioni, akakifunga kwenye leso, akakiweka mezani kando ya spika. Akainuka na kuingia chumbani.

Nilisikia kitanda kinasukumwa. Nilimwita, nikamwita tena kwa nguvu, nikiwa nimesahau kwamba kifaa kiko mezani mbele yangu. Alitokea mlangoni kinyumenyume, mgongo kwangu, akiburuta godoro kwa mikono miwili, shuka bado limetandikwa. Lilikwama pale pale lilipokwama mara ya kwanza. Alivuta, likakataa. Akavuta tena, na kifua kikaanza kukoroma. Hakugeuka kuniomba, wala mimi nisingekuwa na la kumwambia ambalo angelisikia. Nikapenya ubavuni mwake nikaingia chumbani, nikalikunja godoro kwa upande wangu na kulisukuma kwa goti, likapita.

Tukaliweka kwenye saruji, kando ya mlango.